Adui wa Supu ya Shangazi Osmunda

—ukuta! Ukuta mtupu, Atu, haki ya Mungu tena! Pale pale penye mlango wa shangazi Osmunda, pale lilipo lile benchi la bluu, sioni benchi, sioni mlango, sioni sufuria. Naona ukuta mweupe na mwanamke kachora tabasamu, meno yote nje, anasema dawa hii inaua wadudu wa kinywa! Na supu nainusa! Pilipili nainusa, ndimu nainusa, nimesimama mtaani Mlandege katikati ya watu kama zuzu, nanusa ukuta!

Halafu ukuta ukanitukana.

"We Devotha! Umesimama hapo umekuwa mlingoti? Ingia uone ulichonifanyia!"

Sauti ya shangazi hiyo, inatoka kwenye meno ya yule mwanamke. Nikatia kidole jichoni, nikavua lenzi ya kulia, na kwa jicho moja nikaona yote: mlango, benchi, moshi, na shangazi amesimama na upawa mkononi, kanga imefungwa kiunoni kama mtu anayesubiri kupigana. Ndani hakuna mtu. Asubuhi, Atu! Baridi ya mwezi wa saba ya Iringa, muda ambao watu huwa wanagombania supu ya kongoro mpaka wanatoana vijiti vya meno mdomoni, na hakuna hata nzi.

"Wanapita," shangazi akasema. "Tangu alfajiri wanapita. Wananusa, wanasimama, wanageuka geuka kama kuku mgeni, wanaondoka. Nimewaita kwa majina yao. Wateja wangu mwenyewe!"

Akapita kaka mmoja wa suti, akasimama, pua juu. Shangazi akamkamata mkono wa koti. Mwenzangu, yule kaka aliruka! Kwake yeye ni ukuta umetoa mkono. Akapiga kelele za mwizi, akampiga shangazi na begi la kompyuta kwenye bega, akakimbia bila hata kutazama nyuma. Watu wakakusanyika kumpa pole yeye. Shangazi aliyepigwa hakuna aliyemwona.

Akageuka akanitazama. Sijawahi kutazamwa hivyo na mtu wa kwetu.

"Nimepika hapa tangu hujazaliwa. Nikakusomesha. Umerudi na digrii, umenitia ukutani."

*

Sasa usiniambie wewe ungefanya tofauti, maana tulikaa dawati moja na wewe. Tulifundishwa nini? Piga picha nzuri, andika maneno ambayo watu wanayatafuta, kusanya maoni ya wateja, na mteja aliyeridhika ndiye tangazo lako. Nilifanya yote. Kongoro la shangazi nililipiga picha kama bibi harusi. Kwenye blogu yangu nikaandika makala, "Mahali pa kupasha tumbo Iringa," ikasomwa mpaka Makambako. Kilichobaki ilikuwa kumwunganisha shangazi na Sikio.

Huko kwenu Mbeya nasikia bado halijafika vizuri, kwa hiyo nikueleze. Zamani si watu walikuwa wanaandika maoni na kutoa nyota? Na wenye biashara wakawa wananunua nyota kama wananunua nyanya kwa ndoo. Kampuni ya Taswira, hao wenye lenzi, wakasema basi, hatusomi tena, tunasikiliza. Kila mwenye lenzi jichoni ana kale kapunje sikioni, na chochote kinachosemwa kwa mdomo karibu na biashara yako kinahesabiwa. Ukisifiwa unapanda, unang'aa, mtu akiwa mwisho wa barabara anaona paa lako lina rangi ya dhahabu. Ukisemwa vibaya unashuka. Ukishuka sana, unapauka. Lenzi inakufunika na ukuta, na ukuta unapangishwa kwa matangazo ya wengine.

Nikaona ni riziki! Nani anasifiwa kwa mdomo Iringa nzima kama shangazi yangu?

Nikamsahau Mzee Kikoti.

Mzee Kikoti alikuwa refa wa mpira. Amestaafu lakini koo halijastaafu. Yeye Mhehe, sisi Wangoni, na unajua Mhehe na Mngoni ni watani: wao wanatuita wala panya, sisi tunawaita wala mbwa. Kila asubuhi anaanzia kuongea akiwa bado ng'ambo ya barabara. Siku ya kwanza ya Sikio ilikuwa hivi:

"Mngoni! Panya wa leo umewatega wapi?"

"Kwenye mfuko wa suruali yako, Mhehe! Na huyo mbwa anayepita umwache, nakuona unavyommezea mate!"

"Niwekee mkia! Jana umenipa kichwa, usiku kucha nimeota nachimba shimo!"

"Kaa chini kabla sijakutia humu sufuriani! Ingawa ulivyo mifupa mitupu, utaniharibia supu!"

Benchi zima linacheka. Wapita njia wanasimama kutazama ugomvi, wakisimama wananusa, wakinusa wanakaa. Hilo ndilo lilikuwa tangazo la shangazi miaka yote, bure kabisa, na mimi mtaalamu wa matangazo nimekaa pembeni namenya vitunguu, nacheka na wenzangu, kale kapunje kapo sikioni mwangu kanarekodi. Panya. Mkia. Kutiwa sufuriani. Kila asubuhi, wiki nzima!

*

Ofisi ya Taswira iko Uhindini, na unajua nani kakaa pale? Edgar. Edgar wetu! Yule aliyekuwa anavaa miwani ya jua darasani na kunakili kazi zangu mpaka makosa. Sasa ana meza ya kioo, ana kiyoyozi kinapuliza baridi ndani ya baridi, na hakuniambia hata karibu.

Akanisikilizisha. Sauti ya Mzee Kikoti, sauti ya shangazi, zimekatwa katwa, kicheko chote kimeondolewa kwa sababu Sikio linakiona ni makelele. Atu, bila kicheko yale maneno yanatisha. Hata mimi niliogopa.

"Edgar, huu ni utani."

"Najua."

"Unajua?"

"Bibi yangu Mzaramo. Siku ya msiba wake Wasukuma walitufungia jiko, wakavaa nguo zake, wakaomba wali. Mimi naelewa utani vizuri sana, Devo. Sikio halielewi, na Sikio ndilo linalonilipa mshahara."

"Basi lielekeze!"

"Nikianza kuliambia hili tusi ni la mapenzi na hili ni la kweli, kesho kila mwenye kinywa kichafu atakuwa mtani wa mtu." Akanitolea macho. "Saa kumi leo ule ukuta unapangishwa. Dawa ya meno leo wanaujaribu tu, wanautaka kwa mwaka mzima. Zipo njia mbili. Ama mdomo ule ule uliotukana uje usifie, mchana, mbele za watu. Ama wewe, kwa kuwa umejiandikisha kama meneja, unitajie chanzo cha chuki. Jina moja. Ukishalitaja, maneno yote ya aina hiyo yatakayosikika pale yanawekwa juu ya huyo mtu, yanatupwa, biashara inakuwa safi."

"Na huyo mtu?"

"Anapauka yeye."

Nikadhani anatania. Akanionyesha kwa kidevu, pale kaunta. "Vua lenzi."

Nilikuwa naona moshi kidogo pale, kama kioo kimeingia ukungu. Nikavua. Dada wa rika letu, Atu, amevaa sweta la kijani, amesimama mbele ya karani, anaongea, machozi yanamtoka, anagonga meza kwa kiganja. Karani anapiga miayo. Hamwoni, hamsikii. Nikairudisha lenzi, dada akawa ukungu, na ofisi ikawa kimya.

"Duka la simu lilimtaja," Edgar akasema. "Huja kila siku. Niandikie hilo jina la mzee basi, halafu nikupeleke chakula cha mchana."

Nilimwambia chakula chake akale na kiyoyozi chake.

*

Mzee Kikoti nilimkuta kwa kinyozi, povu kidevuni, siku hiyo kaanzia huko kabla ya supu.

"Kamwene, mchumba wangu! Umekuja tufunge ndoa?"

"Babu, nakuomba kitu." Nikamweleza yote, upesi upesi, na jina lake kutajwa, na saa kumi. Kinyozi alisimamisha wembe. Nikamalizia, "Ni sentensi moja tu. Njoo useme supu ni nzuri."

Ule ucheshi wote ukamtoka usoni kama umefutwa pamoja na povu.

"Nimsifu? Mbele za watu?"

"Si ni kweli nzuri?"

"Ni kweli! Ndiyo maana siwezi kusema." Akaniangalia kama mtoto asiyejua kuoga. "Mumewe alipofariki, nani alishuka kaburini akalala humo, akakataa kutoka mpaka aletewe jogoo? Mimi. Nikasema huyu Mngoni hazikwi bure, alinitukana sana, alipe kwanza. Shangazi yako alikuwa amekauka macho siku ile, hajalia, hajala. Alicheka, binti. Alicheka mpaka akalia. Mimi nikimwamkia kwa heshima na kumpa shukrani, namwambia kwamba hayo yote yamekwisha. Nimemkata."

"Babu, ni ya kuidanganya mashine tu."

"Mashine utaidanganya. Na yeye?"

Nikamwambia shangazi ataelewa. Nikamwambia tukichelewa hakuna supu, hakuna benchi, hakuna kitu. Nilibembeleza kama ninavyobembeleza wateja wangu, naijua ile sauti, na nikashinda. Alinawa uso bila kumaliza ndevu.

Alivuka barabara kimya. Kimya, Mzee Kikoti! Akasimama mbele ya ukuta wa meno na kofia mkononi.

"Shikamoo, Mama Osmunda."

Shangazi alikuwa anakoroga. Upawa ukasimama.

"Supu yako ni nzuri sana," mzee akasema, sauti ya kusoma. "Ni safi. Nakushukuru kwa huduma yako."

"Nimekukosea nini?" shangazi akauliza polepole.

"Hujanikosea kitu."

"Unaumwa? Kuna msiba kwako?"

"Hapana, mama."

Shangazi akaufuta upawa kwa kanga. Halafu akatabasamu, tabasamu baya kuliko la yule mwanamke wa dawa ya meno. "Basi karibu, mzee. Kaa hapo. Ahsante sana kwa kuja." Mzee! Hajawahi kumwita mzee toka niijue dunia.

Na hapo hapo, paa! Ukuta ukayeyuka. Paa la bati likawaka dhahabu, moshi wa jiko ukawaka, hata upawa ukawaka. Watu wakaanza kumiminika, yule kaka wa suti naye yumo, hana habari kwamba amempiga mwenye nyumba. Benchi likajaa. Nikapiga kigelegele peke yangu.

Mzee Kikoti alikula mpaka mwisho, akafuta mdomo, akasema ahsante, shangazi akasema ahsante na wewe, na hakuna aliyemtazama mwenzake. Akaondoka.

*

"Nani kamtuma?"

Tulikuwa jikoni. Nikasema, shangazi, hebu tazama watu walivyo—

"Nimeuliza nani."

Nikamwambia. Kitambaa kibichi cha sahani kilinitua shavuni, pwaa, na cha pili kikafuata. "Umenikatia mtani! Umekwenda ukanikatia mtu wa kunizika! Nikifa nani ataingia kaburini? Edgar? Utamleta Edgar na meza yake ya kioo?"

"Shangazi, wateja wanasikia—"

"Wasikie! Nimewapikia na wamelipa, wasikie!"

Akatoka hivyo hivyo, kanga imelegea, upawa mkononi unatona mafuta, akapita katikati ya benchi mpaka barabarani. Mzee alikuwa ameshafika mbali, anatembea kama mtu aliyetoka kuzika. Shangazi akavuta pumzi.

"We Mhehe! We mla mbwa! Umejifunza adabu lini, na nani kakufundisha, maana kwenu hakuna!"

Mzee akasimama. Hakugeuka.

Atu, mimi nilikuwa naomba asijibu. Namwambia Mungu, funga huo mdomo. Na humo humo ndani ya sala nikawa naomba ajibu, maana shangazi sijawahi kumwona anasubiri kitu hivyo.

Mzee akageuka.

"Nilidhani panya wamekula ulimi!" akapiga, ile sauti ya uwanjani. "Ile supu yako! Nimeinywa nikasema ahsante kwa kuogopa! Nimekuta ndevu humo, na si zangu!"

Shangazi akacheka akiwa amejikunja, ameshika magoti. Na nyuma yetu, paa, dhahabu ikazimika.

Kelele, mwenzangu! Watu wameshika bakuli, bakuli limepotea, mikono imezama kwenye weupe. Kaka wa suti amejimwagia kongoro kifuani. Wanatoka wanapapasa, wanatukana, na hayo yalikuwa matusi yenyewe sasa, hayana mtani ndani yake. Matapeli! Wachawi! Mama mmoja akautemea mate ukuta, yakatua kwenye benchi la bluu. Mwingine akasema watu kama hawa wachomwe na kibanda chao, na akasema polepole, bila hasira, kama anaagiza soda.

Kapunje kakalia sikioni mwangu, simu inaingia. Edgar.

"Devo, imebaki kidogo saa kumi iingie. Mnunuzi yuko hapa mbele yangu. Nipe jina la mzee au ninauza."

Nikarudia kwa sauti, wote wawili wakasikia.

"Mwambie auze," shangazi akasema.

"Atauzaje jiko lako, mwanamke?" Mzee Kikoti akasogea. "Taja langu, mchumba. Nimeshaonekana vya kutosha. Uwanja mzima umenitukana miaka mingi, nikipumzika kidogo si vibaya."

"Akilitaja jina lako asikanyage kwangu tena!"

"Nani kakuuliza wewe, mtega panya?"

"Na wewe nani kakuita, mla mbwa?"

Wameanza tena! Na mimi katikati nashikilia sikio, namwona yule dada wa sweta la kijani anagonga kaunta. Mzee Kikoti bila sauti. Mzee Kikoti anapiga kelele ng'ambo ya barabara na mji mzima unampitia kama ukungu. Na jiko bila moto, shangazi amekaa chini ya meno ya watu mwaka mzima.

"Jina," Edgar akasema.

"Andika Devotha Ngonyani."

Akacheka. "Acha utani."

"Sio utani. Mimi ndiye meneja wa matangazo. Mimi ndiye niliyemwagiza mzee aje atukane kila asubuhi ili wapita njia wasimame. Ni mbinu, Edgar, tulisoma wote, ingawa wewe ulisoma kwenye daftari langu. Chanzo ni mimi."

Uongo mtupu, na sauti yangu haikutetemeka hata kidogo.

"Devo. Blogu yako inakufa. Wateja wako wote, wafuasi wako, kila kitu. Hata mimi sitakuona tena."

"Hiyo ndiyo faida niliyoiona mpaka sasa. Andika."

Akaandika.

Haiumi, Atu. Nilidhani itauma. Kapunje sikioni kalikata tu, kik, na nilipotazama mikono yangu kwa lenzi niliona lami ya barabara. Ukuta ulikuwa umeondoka, paa linawaka, na wale wale waliotaka tuchomwe wakarudi kugombania viti. Nilipokaa benchini, kijana mmoja alinikalia. Alinikalia mapajani na bakuli lake! Nikampiga kofi la kisogo, akajikuna, akaendelea kunywa.

Shangazi ambaye hajawahi kuvaa lenzi maisha yake aliniona vizuri kabisa. Alinishika uso kwa mikono yenye mafuta, akanipaka mafuta mpaka masikioni. Mzee Kikoti, naye hana lenzi, akasema: "Mngoni wa kwanza niliyemwona ana akili, na hakuna atakayeamini kwa sababu hawamwoni." Halafu akadai mkia wake, kwa sauti, na watu wakacheka, na Sikio likabandika kila neno juu yangu na kulitupa.

Kwa hiyo ukija Iringa vua lenzi zako kituoni, la sivyo utanipita. Na hii namba ni ya simu ya shangazi, ile ya vitufe. Anaitaka, amesimama hapa kichwani kwangu, nasikia anavyopumua. Lakini ngoja, ngoja, hujasikia kubwa! Mtu asiyeonekana anaingia popote. Leo asubuhi nimeingia Uhindini, nikapita kwa mlinzi, nikavuta kiti, nikakaa mezani kwa Edgar, magoti yetu yanakaribia kugusana, na nikakaa hapo mpaka mabosi wake walipofika na kufunga mlango. Walichozungumza, shoga, na jina walilolitaja... Kesho! Kesho shangazi akienda sokoni nakupigia nakumalizia yote.